Stelingi ya Trekta Ikikwama: Tufungue Bila Kuvunja



Katika ziara zetu upande wa Ijara tumeona mara nyingi trekta kuukuu limesimama chini ya mwembe, magurudumu ya mbele yamekaa upande, kuku wanalala juu ya kiti. Ukiuliza, unaambiwa, "Stelingi imekataa." Injini ni nzima. Plau iko. Kinachowashinda watu ni kipande cha chuma kisichozidi ngumi ya mtu mzima.

Kikundi kimoja tulichokitembelea kilipoteza msimu kwa njia hiyo. Vijana waligonga bolijointi kwa nyundo tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Meno ya bolti yakalala, nati ikakataa kurudi, na mkono wa stelingi ukapinda. Badala ya kununua bolijointi moja, sasa ilibidi wanunue na mkono. Pesa hazikuwapo. Mvua ya Aprili ikanyesha shamba likiwa halijalimwa, na kina mama waliokuwa wamechanga pesa za dizeli wakarudi kwenye jembe. Hakuna mvivu katika kikundi kile. Walichokosa ni njia tu.

Kwa nini hukwama?

Tuchukue mfano wa Massey Ferguson 135, trekta lililotengenezwa kuanzia 1964 hadi katikati ya miaka ya 1970, na ambalo bado linalima mahali pengi. Usukani huzungusha gia zilizo ndani ya boksi la stelingi. Boksi husukuma mikono, mikono husukuma fito, na fito hugeuza magurudumu. Kila ufito unapoungana na mkono pana bolijointi. Shina la bolijointi limechongoka: nene upande mmoja, jembamba upande wa pili. Nati ikikazwa, shina huingia katika tundu la mkono kama kabari kwenye gogo. Halishikwi na nati peke yake. Ndiyo maana hata nati ikitoka, bado linashika.

Ongeza vumbi la kiangazi, na maji ya mafuriko kama yale ya mwishoni mwa 2023, na miaka ya kukaa bila grisi. Kutu hujaa kila mwanya.

Kabla ya kushika spana

Egesha trekta mahali tambarare. Zima injini, vuta breki, weka magogo mbele na nyuma ya magurudumu makubwa. Inua mbele kwa jeki, halafu weka magogo mapana chini ya ekseli. Usitumie mawe wala matofali, maana hupasuka ghafla. Kumbuka pia kwamba ekseli ya mbele hucheza katikati kama mizani, kwa hiyo gonga kabari za mbao kati ya ekseli na mwili wa trekta, kila upande. Mtu asiingie chini ya trekta linaloshikwa na jeki tu. Watoto wakae mbali.

Hatua ya kwanza: safisha na weka alama. Sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Pima urefu wa kila ufito kwa kamba na uandike katika daftari la kikundi. Panapoungana mkono na shina lenye meno, piga alama ya tindo inayopita juu ya vyote viwili. Bila alama hiyo mtarudisha mkono jino moja pembeni, na trekta litavuta upande mmoja.

Hatua ya pili: lowesha, halafu subiri. Tia mafuta ya kulegeza kutu. Kama hakuna, tumia dizeli au mafuta taa yaliyochanganywa na oili kidogo. Tia jioni, tia asubuhi, tia tena jioni. Siku mbili au tatu za kungoja ni rahisi kuliko msimu mzima. Kila ukitia, gonga kidogo pembeni ili mafuta yapenye.

Hatua ya tatu: toa kotapini, legeza nati. Usiitoe nati yote. Iache iwe sawasawa na ncha ya bolti. Hapo inalinda meno, na pia inazuia ufito usiruke ukiachia.

Hatua ya nne: nyundo mbili. Hapa ndipo wengi hukosea. Usigonge ncha ya bolti. Mtu mmoja ashike nyundo nzito au kipande cha chuma nyuma ya tundu la mkono. Mwingine agonge upande wa pili wa tundu hilohilo, kwa pigo fupi na kali. Wa tatu abonyeze ufito kwa mtaimbo ili uvute kutoka. Tundu hushtuka, kabari inaachia. Mara nyingi mapigo machache yanatosha. Waliosimama karibu wavae miwani au wageuze uso, maana vipande vya chuma huruka.

Hatua ya tano: pula. Ikikataa, funga pula, ikaze vizuri, halafu gonga tundu pembeni kama mwanzo. Iache ikiwa imekazwa, mkanywe chai. Yeyote asisimame mbele ya pula, kwani ikiachia huruka kwa nguvu.

Hatua ya sita: moto, ikibidi kabisa. Pasha mkono ulio nje, usipashe shina lililo ndani. Mkono ukitanuka, tundu linalegea. Lakini sikilizeni vizuri. Tangi la dizeli liko karibu na usukani. Toeni kwanza gurudumu lote, kwa sababu tairi likipata joto laweza kulipuka na kuua. Futeni grisi na mafuta yote mliyotia. Msipashe mpaka chuma kiwe chekundu, wala msikimwagie maji, kwani chuma cha stelingi hupoteza nguvu. Bolijointi iliyopata moto isirudishwe, nunueni nyingine. Kazi hii mwachieni fundi aliyezoea gesi.

Usukani wenyewe na kingipini

Usukani ukikwama kwenye shina lake, toa kifuniko, legeza nati mpaka iwe sawa na ncha, lowesha, halafu tumia pula. Kugonga shina kutoka juu hupeleka pigo mpaka beringi za boksi, nazo ni ghali kuliko usukani.

Kingipini hukwama zaidi kwa sababu nipo ya grisi imeziba. Kabla ya kufungua, toa nipo, safisha tundu, weka mpya, piga grisi huku mwenzako akigeuza gurudumu pole pole likiwa limeinuliwa. Huenda ikalegea bila kufunguliwa. Isipolegea, toa gurudumu, toa mkono wa juu, kisha kingipini hushuka kwa chini.

Kurudisha

Shina lililochongoka na tundu lake visafishwe na virudishwe vikavu, bila grisi. Meno ya mikono na ya usukani yapakwe grisi kidogo ili siku nyingine yafunguke. Kotapini iwe mpya. Tumeona msumari umepindwa pale, nao ni jeneza la dereva. Tena, mkono uliopasuka usichomelewe. Ukikatika trekta likishuka kwenye ukingo wa mto, hakuna usukani tena. Kabla ya kwenda shamba, geuza magurudumu mpaka mwisho kushoto na kulia, endesha pole pole, halafu kagua nati zote baada ya siku ya kwanza ya kazi.

Neno kwa kikundi

Pampu ya grisi ni ndogo kuliko madeni ya fundi. Kila asubuhi ya kulima, mtu aliyechaguliwa apige grisi kila nipo na atie sahihi daftarini. Katika kila ekari inayolimwa, toeni kidogo kiwekwe akiba ya vipuri. Mvua ikinyesha na barabara ikikatika, vipuri vya Garissa havitafika Masalani wala Kotile kwa maombi pekee. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali ya kujadiliana

1. Nani katika kikundi chetu anapiga grisi, na mara ya mwisho ilikuwa lini?
2. Tuna kotapini, nipo na pula, au tunaazima?
3. Trekta likisimama wiki moja wakati wa mvua, ni nyumba ngapi zitakosa chakula?

Tukijibu la tatu kwa ukweli, mawili ya kwanza tutayashughulikia kesho. Mungu abariki kazi ya mikono yenu.