Chetezo cha Kichina: Soma Kazi ya Fundi Kabla ya Chapa

Wasomi wenzangu, chetezo tunakijua: kaa la moto, udi au ubani juu yake, nyumba nzima inanukia. Hapa nazungumzia vyetezo vya kale vya China, vya bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Hoja yangu ni moja: maana ya chombo hiki imo katika kazi ya fundi. Anayekimbilia maandishi ya kitakoni atadanganyika mchana kweupe.

Hebu tuanze na mfano. Mwaka 1968, huko Mancheng, jimbo la Hebei, lilifukuliwa kaburi la Liu Sheng, mtawala wa enzi ya Han aliyefariki mwaka 113 KK. Ndani kulikuwa na chetezo cha aina ya boshanlu, chetezo chenye umbo la mlima. Bakuli lake limepambwa kwa mawimbi ya dhahabu iliyopachikwa kwenye bronzi, na juu yake kuna vilele vyenye wanyama na wawindaji. Watu wa Han waliamini kwamba iko milima, mingine baharini, wanakoishi viumbe wasiokufa. Sasa tazama ujanja wa fundi: matundu ya moshi yamefichwa katikati ya vilele. Ukifukiza, moshi hautoki kama wa bomba la nyumba. Unajikunja kwenye miamba kama ukungu wa alfajiri. Bila tundu hakuna ukungu, na bila ukungu mlima ule ni chuma tu. Basi tundu nalo ni ishara.

Enzi ya Song ilipofika, wasomi walivipenda sana vitu vya kale. Vyetezo vikaiga ding, chombo cha miguu mitatu kilichotumika katika ibada za mababu. Hapo umbo lenyewe lilikuwa heshima kwa waliotangulia.

Shida iko kwa vyetezo vya Xuande, mfalme wa Ming ambaye miaka ya utawala wake huhesabiwa 1426 hadi 1435. Chini huwa na herufi sita zinazosema kimetengenezwa wakati wake. Lakini vingi vyenye chapa hiyo ni vya baadaye, hata vya enzi ya Qing. Wapo waliotaka kuuza ghali, na wapo walioiga kwa heshima. Kwa vyovyote, chapa inakuambia nani anaigwa, haikuambii lini.

Ndiyo maana nasema jambo hili linatuhusu sisi wa chuo. Chapa ni kama orodha ya marejeo mwishoni mwa tasnifu: kutaja kitabu si kukisoma. Mwalimu makini huangalia hoja kwanza.

Kwa hiyo ukikutana na chetezo cha namna hii, pima uzito wake mkononi. Angalia unene wa ukingo, miguu ilivyoungana na tumbo, na moshi umepangiwa njia gani. Kukipindua usome kitako, hilo liwe la mwisho.