Sinema na Kumbukumbu Zetu

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Lakini sisi wa Kidato cha Tatu tutatazama nini, ilhali wengi wetu hatukuwa tumezaliwa wakati fujo zilipozuka baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007? Vitabu vinatuambia kuwa watu zaidi ya 1,100 waliuawa kabla ya mapatano ya tarehe 28 Februari 2008. Hiyo ni hesabu. Hofu ya usiku ule haimo katika hesabu. Ndipo sinema inapotufaa.

Mfano mzuri ni "Togetherness Supreme" ya mwaka 2010, iliyoongozwa na Nathan Collett. Ilipigwa papo hapo Kibera, na wakazi wenyewe wakashiriki. Ndani yake mna kumbukumbu za aina mbili.

Kwanza, kumbukumbu ya mtu binafsi. Kamau, mhusika mkuu, ni mchoraji. Kisa chake kinatokana na Solo 7, msanii wa Kibera aliyeandika wito wa amani kila mahali wakati wa fujo. Kamau na Otieno wanampenda msichana mmoja, Alice. Kwa hiyo siasa inapowatenganisha, tunaona nchi nzima ikitengana kupitia vijana wawili tu.

Pili, kumbukumbu ya jamii. Mkazi wa Kibera akiona vichochoro anavyovijua, anaongeza yake: soko la Toi lililochomwa, reli iliyong'olewa.

Je, sinema husema yote? La! Niliitazama nyumbani Kawangware pamoja na mama na jirani yetu, Mama Njeri. Katikati mama akasema, "Mimi nilifichwa na jirani wa kabila lingine. Mbona huyo haonyeshwi?" Mama Njeri akajibu polepole, "Mimi ni jirani ndiye alinifukuza." Kumbe wamechota maji mfereji mmoja miaka kumi bila kuambiana! Tukanyamaza wote, sinema ikiendelea.

Hapo nikajifunza kuwa mtengenezaji wa sinema huchagua jicho moja, na macho mengine hubaki nje. Sinema si historia yote, bali hufungua mdomo uliofungwa.

Basi wanachama wenzangu, mkitazama sinema ya historia, jiulizeni: nani anakumbuka hapa, na nani amesahauliwa? Kisha muulizeni mzazi, mwandike anayosema. Mimi nimekwisha anza na Mama Njeri.