Mkataba wa Mafunzo ya Ufundi: Maneno ya Kusoma Kabla ya Kutia Sahihi

Kila Januari, Mei na Septemba, vituo vya mafunzo ya ufundi hupokea wanafunzi wapya. Mzazi hufika na kijana wake, akapewa fomu ya kujiunga, orodha ya vifaa, karatasi ya karo na, mara nyingi, mkataba wa kurasa mbili tatu. Karo husomwa kwa makini, na orodha ya vifaa pia, kwa kuwa hizo zinagusa mfuko siku hiyohiyo. Mkataba hutiwa sahihi ukiwa umelazwa juu ya goti, watu wengine wakisubiri kwenye foleni.

Katika toleo hili tunausoma mkataba huo pamoja. Hatutapitia kila kifungu. Tutakaa zaidi kwenye vile vinavyotaja masomo yenyewe: kijana atafundishwa nini, kwa mtaala upi, kwa muda gani, na mwishowe atatoka na karatasi ya nani. Hapo ndipo kijana anaweza kupoteza miaka miwili bila ya mtu yeyote kumdanganya.

Karatasi nyingi, wenyewe wengi

Vituo hivi vina historia ndefu. Mwaka wa 1966 baraza la makanisa nchini liliuliza swali zito: watoto wanaomaliza shule ya msingi na kukosa nafasi ya sekondari wataelekea wapi? Jibu lililopendekezwa lilikuwa vyuo vya ufundi vya vijijini, vile ambavyo wazee wetu bado huviita politekniki. Wakati huo ushahidi wa mafunzo ulikuwa kazi ya mikono. Ukitengeneza mlango ukafunga vizuri, wewe ni seremala.

Leo mwajiri anataka kuona mlango na cheti pia. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka vyuo hivi mikononi mwa serikali za kaunti pamoja na elimu ya chekechea. Lakini kaunti haitungi mitihani ya kitaifa wala haitoi vyeti vyake. Chini ya sheria ya elimu na mafunzo ya kiufundi ya mwaka 2013, mamlaka ya TVETA ndiyo husajili vituo na kuidhinisha kozi. Baraza la TVET CDACC, lililoundwa na sheria hiyohiyo, hutengeneza mitaala, hupima wanafunzi na kutoa vyeti. NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ina mitihani yake ya gredi, ambayo mafundi wengi wanaijua. KNEC nayo imetahini kozi za ufundi kwa miaka mingi.

Kwa hiyo vijana wawili wanaweza kuketi karakana moja, wakafundishwa na mkufunzi mmoja, na kutoka na karatasi mbili tofauti kabisa. Kinachowatenganisha ni maneno machache yaliyo kwenye mkataba.

Sentensi moja, maswali manne

Tuchukue kifungu cha mfano, tulichokiandika wenyewe kwa ajili ya somo hili:

“Kituo kitampa mwanafunzi mafunzo ya umeme kwa muda wa miaka miwili na kumtunuku cheti akimaliza.”

Kinasikika vizuri. Sasa tukipekue. “Umeme” ni upi? Kuvuta nyaya za nyumba ni kozi moja, umeme wa magari ni nyingine, na mitambo ya sola ni nyingine tena. “Mafunzo” ni ya kiwango gani? “Cheti” ni cha nani, cha taifa au kile kilichochapishwa na kituo chenyewe kuonyesha kwamba kijana alihudhuria? Na “akimaliza” maana yake nini: amemaliza miaka miwili, amemaliza karo, au amefaulu kupimwa?

Linganisha na hiki:

“Kituo kitamfundisha mwanafunzi ufungaji wa umeme, Kiwango cha 4, kwa mtaala wa TVET CDACC ulioambatishwa hapa. Mwanafunzi atapimwa na TVET CDACC, na akithibitishwa kuwa na umilisi katika vitengo vyote atapewa cheti cha kitaifa cha kiwango hicho.”

Kifungu cha pili ni kirefu, nacho kinachosha. Lakini mzazi aliyekisoma anajua anachonunua, na kituo kinajua kilichoahidi.

Namba ya kiwango ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu, ulioanzishwa na sheria ya 2014 na kusimamiwa na KNQA, una viwango 10. Diploma ni cha 6, shahada ya kwanza ni cha 7, na uzamifu ni cha 10. Fundi anayeanza na Kiwango cha 4 ana ngazi mbele yake: akitaka anaendelea hadi cha 5, kisha diploma. Namba isipokuwepo, atakuwa anaeleza kila anapokwenda kwamba alichosoma kinatosha, na atakayeamua ni mtu wa dirishani.

Kuna jambo jingine linalochanganya hata watu waliosoma sana. Kituo kusajiliwa ni jambo moja, na kozi kuidhinishwa ni jambo jingine. Kituo kinaweza kuwa na leseni halali ukutani, kikawa na idhini ya ushonaji na ususi, na bado kisiwe na idhini ya kozi ya magari iliyoanzishwa muhula jana. Mkataba mzuri hutaja vyote viwili. Usipotaja, omba kuona barua ya idhini ya kozi anayoingia kijana wako.

Kumaliza na kuwa na umilisi

Neno “umilisi” tumelizoea tangu mtaala mpya ulipoanza kutumika kote nchini katika madarasa ya chini mnamo 2019. Katika ufundi, maana yake ni kwamba kijana ameonyesha anaweza kuifanya kazi kwa kipimo kilichowekwa. Swali kubwa katika matokeo yake ni hili: ana umilisi, au bado?

Kozi imegawanywa katika vitengo. Viko vya msingi, kama mawasiliano na matumizi ya kompyuta, viko vya pamoja vinavyogusa fani zinazokaribiana, na viko vya ufundi wenyewe. Mzazi mmoja akiuliza kwa nini binti anayesomea ushonaji anafundishwa kompyuta, swali lake ni la haki, na jibu linafaa liwe kwenye kiambatisho cha mkataba. Liwepo kwa sababu ya upande wa pili pia. Kituo kikikosa mkufunzi wa kompyuta, kitengo hicho hakitapimwa, na cheti kamili hakitatoka hata kama binti anashona suti ya bwana harusi. Orodha ya vitengo ikiwa imeandikwa, mzazi ana mahali pa kuweka kidole anapodai.

Muda nao: mitaala hii huhesabu muda kwa saa. “Miaka miwili” inaweza kuwa na saa nyingi au chache, kulingana na idadi ya vipindi na siku ambazo karakana haina vyuma vya kuchomelea. Mkataba utaje saa.

Na mtaala ukibadilika katikati? Hili limetokea, kwani nchi imekuwa ikihama kutoka kozi za mfumo wa zamani kwenda za umilisi. Mikataba mingi huwa na kifungu kama “kituo kinaweza kubadilisha programu wakati wowote.” Kifungu hicho si haramu, na wakati mwingine kituo chenyewe hakina la kufanya. Ila kiongezewe sentensi moja: aliyeanza kwa mtaala fulani atamalizia kwa huo, au atahamishwa pamoja na vitengo ambavyo tayari amethibitishwa, bila ya kuvilipia upya. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sentensi yenye thamani kubwa zaidi kwenye ukurasa wote, na ndiyo nadra kuionea.

Kijana anapokwenda kiwandani

Mafunzo ya kazini, ambayo vijana huyaita atachimenti, ni sehemu ya kozi. Sisi wa Machakos tuna bahati ya kuwa na Mavoko, yenye viwanda vya saruji, eneo la viwanda vya kuuza nje la Athi River, na kituo cha teknolojia cha NITA papo hapo. Lakini bahati hiyo haimfikii kijana wa Masinga au Yatta yenyewe. Mkataba ukisema “mwanafunzi atafanya mafunzo ya kazini,” mzigo wa kutafuta nafasi unaweza kuwa wake, pamoja na nauli na chumba cha kupanga. Ukisema “kituo kitamtafutia,” mzigo umehama.

Mara nyingi kituo huwa na hati ya makubaliano na kampuni. Tofautisha hati hiyo na mkataba. Hati ya makubaliano kwa kawaida hutangaza nia: kampuni itapokea vijana “kadiri nafasi zitakavyoruhusu.” Nafasi zisiporuhusu, hakuna wa kushtakiwa. Kituo kikikuonyesha hati kama hiyo, furahia, kisha uulize ni vijana wangapi na kwa wiki ngapi.

Neno la kuwa macho nalo zaidi ni “mwanagenzi.” Kwa mazungumzo ya kawaida kila anayejifunza kazi ni mwanagenzi. Kisheria sivyo. Chini ya Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, Sura ya 237, mkataba wa uanagenzi ni wa maandishi na husajiliwa rasmi. Nayo Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007 humhesabu mwanagenzi wa aina hiyo kuwa mfanyakazi. Kijana aliyetumwa na kituo kwenye mafunzo ya wiki chache hana mkataba huo. Mashine ikimkata kidole, kampuni inaweza kusema ni mwanafunzi wa kituo, na kituo kikasema aliumia kwa kampuni. Wakati wanabishana, mzazi ndiye anayelipa hospitali. Kwa hiyo kifungu cha mafunzo ya kazini kitaje kwa jina nani analipia bima, inaanza lini na inaisha lini. Pasipotajwa, usitie sahihi hadi paandikwe, hata kwa kalamu, pande zote mbili zikiweka sahihi kando yake.

Kuhusu fedha tutasema machache. Angalia kama ada ya kupimwa imo ndani ya karo au iko kando, na nini hurudishwa kijana akiacha masomo.

Nani atie sahihi, na kwa lugha gani

Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria, hivyo mzazi au mlezi atie sahihi pamoja naye. Aliyefikisha 18 hutia mwenyewe, ingawa anayelipa karo angefaa kusoma pia.

Mikataba mingi imeandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi chini ya Ibara ya 7 ya Katiba, kwa hiyo mzazi anayeomba kuelezwa kifungu kwa Kiswahili haombi hisani. Mahakama zetu pia zina desturi ya kulifasiri neno lenye utata dhidi ya upande ulioandika mkataba. Lakini usiutegemee utata. Safari ya mahakamani hugharimu kuliko kozi.

Vituo vya kaunti ni taasisi za umma. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu raia kuomba taarifa kwa maandishi, kwa Kiingereza au Kiswahili, na kujibiwa ndani ya siku 21. Barua ya idhini ya kozi, mtaala na orodha ya vitengo vyote vinaweza kuombwa hivyo. Barua yako iwe fupi: jina la kituo, jina la kozi na kiwango chake, na karatasi unazotaka kuona. Ipeleke kwa msimamizi wa kituo, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na uandike tarehe, kwa maana siku 21 huhesabiwa kuanzia hapo.