SOMO LA URAIA: BARUA YA MJUMBE KWA WANANCHI MWISHONI MWA MWAKA

Somo la safari hii linahusu waraka mdogo ambao wengi huupokea, wachache huusoma, na wachache zaidi huutumia. Nao ni barua ambayo mjumbe wa chombo cha kutunga sheria huwaandikia watu waliomchagua unapokaribia mwisho wa mwaka. Desturi hiyo imeenea katika majimbo ya Marekani, ambako kila jimbo, mbali na Bunge la taifa lililoko Washington, lina bunge lake lenye mamlaka ya kutunga sheria na kupitisha bajeti. Mfano uliochaguliwa ni wa Hawaii, kwa kuwa hilo ni jimbo la visiwa vitupu, na mambo yanayowasumbua watu wake, kama bahari inayomtenga raia na makao ya serikali, kodi inayotozwa wageni, na uhaba wa nyumba, hayahitaji maelezo marefu kwa msomaji wa visiwani. Ili pasiwe na mkanganyiko, neno jimbo hapa lina maana ya mwanachama mmoja wa shirikisho la Marekani. Sehemu inayomchagua mjumbe mmoja itaitwa eneo la uchaguzi.

Hawaii iliingizwa katika shirikisho hilo mwaka 1959, ikawa jimbo la 50. Bunge lake lina Seneti yenye wajumbe 25 wanaochaguliwa kwa kipindi cha miaka minne, na Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 51 wa kipindi cha miaka miwili. Jengo lake lilifunguliwa mwaka 1969 mjini Honolulu, katika kisiwa cha Oahu. Nguzo zake zimefanywa mfano wa minazi, kumbi zake mbili zina umbo la mlima wa volkano, na pembeni limezungukwa na maji kama kisiwa kilivyozungukwa na bahari. Wasanifu walikusudia kuwakumbusha wajumbe nchi wanayoitungia sheria.

Hata hivyo, uzuri wa jengo haupunguzi mwendo wa kulifikia. Takriban watu saba katika kila kumi huishi Oahu. Waliobaki, walioko Maui, Kauai, Molokai, Lanai na kisiwa kikubwa cha Hawaii chenyewe, hawana budi kupanda ndege ili wafike mbele ya kamati ya Bunge. Meli kubwa ya abiria na magari iliyoanza safari mwaka 2007 ilikoma mwaka 2009 baada ya mahakama kuu ya jimbo kutoa hukumu juu ya uchunguzi wa athari zake kwa mazingira. Yapo pia maeneo ya uchaguzi yanayovuka bahari. Eneo la 13 la Baraza la Wawakilishi linakusanya pamoja Molokai, Lanai na sehemu ya Maui, na kwa lugha ya wenyeji maeneo ya namna hiyo hupewa jina la chombo chao cha jadi chenye tengo ubavuni, ambacho mtu wa pwani ya Afrika Mashariki angekiita ngalawa. Mjumbe wa eneo kama hilo hawezi kukutana na watu wake msikitini, kanisani au sokoni kila wiki. Kwake yeye barua ni sehemu ya kazi.

Barua za Disemba huanza kwa salamu, mara nyingi kwa lugha ya Kihawaii, ambayo tangu mabadiliko ya katiba ya mwaka 1978 ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Salamu ya Krismasi ni Mele Kalikimaka, jina la sikukuu likiwa limepewa sauti za kienyeji kama Waswahili walivyofanya kwa njia yao. Na ya mwaka mpya ni Hauʻoli Makahiki Hou. Neno makahiki lina maana ya mwaka, lakini pia ni jina la msimu wa kale ulioanza yapata Novemba, wakati kundi la nyota ambalo Waswahili huliita kilimia linapochomoza mashariki jua likizama. Msimu huo uliendelea kwa muda wa miezi minne hivi. Vita vilikatazwa, michezo ilifanywa, na mazao yalikusanywa kutoka kila wilaya kwa ajili ya watawala. Kwa hiyo msimu ambao zamani wakubwa walizunguka visiwa kupokea haki yao kwa watu, ndio huu ambao leo mjumbe hupeleka hesabu yake kwa watu hao hao.

Lakini salamu na fedha za umma ni vitu viwili ambavyo sheria hupenda kuvitenganisha. Katika Bunge la taifa la Marekani, wajumbe wana haki ya kupeleka barua za kazi bila kulipia stempu, haki ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1775. Sheria ya mwaka 1973 iliweka wazi kwamba haki hiyo haitumiki kwa kadi za sikukuu, wala kwa salamu za mke au jamaa wa mjumbe, wala kwa maneno ya kumsifu mjumbe kwa nafsi yake. Majimbo yana kanuni zao wenyewe, na Hawaii inayo tume yake ya maadili inayokataza mali ya serikali kutumika katika kampeni. Msingi wa yote ni mmoja: raia asilipie, kwa kodi yake, sifa za mtu anayeomba kura yake. Kadi yenye picha ya familia ya mjumbe ni jambo la heri, naye aigharimie kwa mfuko wake. Taarifa ya kazi ni deni, na deni hilo ndilo linalostahili kulipwa kwa fedha za wote.

Kwa nini basi deni hilo lilipwe Disemba? Jibu limo ndani ya kalenda ya Bunge lenyewe. Katiba ya Hawaii inaamuru kikao cha kawaida kifunguliwe Jumatano ya tatu ya Januari, nacho huchukua siku 60 za kazi, hata kikafungwa mwanzoni mwa Mei. Sheria inamtaka Gavana awasilishe makadirio ya bajeti si chini ya siku 30 kabla ya ufunguzi huo. Ukihesabu kurudi nyuma, bajeti haina budi kuwa mezani baina ya tarehe 16 na 22 Disemba kwa kuchelewa kabisa. Hivyo barua inayoandikwa siku za sikukuu huandikwa wakati ambapo makadirio yamejulikana na hakuna lililoamuliwa. Ni dirisha la majuma manne tu. Mjumbe makini hulitumia kuwaeleza watu wake ni fedha gani zimeombwa kwa ajili ya skuli yao, bandari yao au hospitali yao, na zipi zimeachwa nje. Tahadhari moja lazima iongezwe: baraza la wataalamu wa mapato, lililowekwa na katiba, hutoa makadirio mengine ifikapo Januari 10, na makadirio hayo huweza kuyapindua yale yaliyoandikwa Disemba. Ahadi ya fedha iliyomo katika barua ya sikukuu, kwa hiyo, si fedha.

Upo pia utofauti baina ya mwaka na mwaka. Kipindi cha Bunge la Hawaii ni miaka miwili, kikianza kwa mwaka witiri. Mswada usiopita mwaka huo haufi. Huvuka mwaka na kuendelea pale ulipoachwa. Mwaka shufwa unapomalizika, yote iliyobaki hufa, na mwenye haja lazima aanze upya. Mtu anayesoma kwamba mswada anaoutaka "bado uko katika kamati" anapaswa kwanza kutazama tarehe ya barua. Maneno hayo hayo yana matumaini ndani yake yakiandikwa Disemba 2025, na hayana hata chembe yakiandikwa Disemba 2026.

Neno linalohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote ni hili: "umepita". Katiba ya Hawaii inataka kila mswada usomwe mara tatu, kwa siku tofauti, katika kila moja ya sehemu mbili za Bunge, na uwe mikononi mwa wajumbe kwa muda wa saa 48 angalau kabla ya kusomwa mara ya mwisho. Makusudio yake ni kwamba wananchi waone kinachoendelea na wapate kusema. Mwaka 2018 mswada uliokuwa ukizungumzia taarifa za kila mwaka kuhusu urekebishaji wa wafungwa ulipitishwa Seneti. Ulipofika Baraza la Wawakilishi, matumbo yake yote yaliondolewa na badala yake yakatiwa masharti ya kujenga mahali pa kujikinga na kimbunga katika majengo mapya ya serikali. Kichwa kilibaki, namba ilibaki, na masomo ya awali yakahesabiwa kana kwamba mswada ni ule ule. Jumuiya mbili za raia zilifungua kesi, na mwezi Novemba 2021 mahakama kuu ya jimbo iliamua kwamba kufanya hivyo kunavunja katiba. Kinga dhidi ya kimbunga ni jambo jema, na hakuna aliyelipinga. Kilichokosekana ni nafasi ya watu kulijadili. Msomaji wa barua ya mjumbe aliyeambiwa kwamba mswada fulani umepita ana haki ya kuuliza: umepita ukiwa na nini ndani yake?

Jambo jingine linalotenganisha barua nzuri na barua tupu ni kusema kazi ni ya nani. Katika Hawaii skuli zote za umma ziko chini ya jimbo, tofauti na sehemu nyingine za Marekani ambako mamlaka za mitaa huziendesha. Polisi na mabomba ya maji ni kazi ya serikali za kaunti. Maafa makubwa huileta serikali kuu ya Washington. Suala hilo lilikuwa la uhai na mauti baada ya moto wa Agosti 8, 2023, ulioteketeza mji wa Lahaina katika kisiwa cha Maui, ukaua watu 102 na kuharibu majengo zaidi ya 2,000. Ilipofika Disemba ya mwaka ule, maelfu ya watu walikuwa wangali wakiishi katika vyumba vya hoteli, na kila mmoja alihitaji kujua ni mlango upi aubishe kwa ajili ya kodi ya nyumba, upi kwa kibali cha kujenga, na upi kwa skuli ya watoto. Katika hali kama hiyo ukurasa mmoja unaotaja ofisi husika na mpaka wa madaraka yake una thamani kuliko kurasa kumi za rambirambi. Nguvu ya kaunti kudhibiti nyumba zinazokodishwa wageni kwa muda mfupi, zilizokuwa zikilalamikiwa kwa kuwanyima wenyeji makazi, ilithibitishwa kwa sheria ya jimbo mwezi Mei 2024.

Vivyo hivyo kwa kodi. Sheria iliyotiwa saini mwaka 2025 ilipandisha kodi ya jimbo kwa malazi ya wageni kutoka asilimia 10.25 hadi 11 kuanzia Januari 1, 2026, ili mapato yake yatumike kulinda mazingira na kukabili athari za mabadiliko ya hali ya hewa. Mwenye nyumba ndogo ya wageni alihitaji kulijua hilo kabla ya mwaka kugeuka. Na mvuvi ambaye ufukwe wake unaliwa na mawimbi anahitaji kujua fedha hizo zitapita kwa nani.

Barua nyingi, lazima isemwe, hazifiki daraja hiyo. Hutaja miswada iliyofaulu na kunyamazia iliyoshindwa. Huonyesha picha za uzinduzi na kuficha kura zilizopigwa. Ukimya huo una gharama. Mwezi Februari 2022 watu wawili waliokuwa wajumbe, mmoja wa Seneti na mmoja wa Baraza la Wawakilishi, walikiri katika mahakama ya Marekani kwamba walipokea fedha ili kuelekeza miswada, ikiwemo iliyohusu mashimo ya maji machafu. Hawaii ina mashimo ya namna hiyo yapata 83,000, na sheria ya mwaka 2017 inataka yaondolewe yote ifikapo 2050. Kwa hiyo mswada wa aina hiyo unagusa afya ya kila kijiji. Baada ya fedheha hiyo Baraza liliunda tume ya kutazama upya viwango vya maadili, nayo ilitoa taarifa yake Disemba 2022. Mjumbe anayeandika jinsi alivyopiga kura, pamoja na kura iliyowaudhi baadhi ya wapiga kura wake, huwapa watu kitu cha kumpimia.

Mfano wa uandishi wa mjumbe wa jimbo unaojulikana zaidi duniani haukutoka Hawaii, ingawa mwandishi wake alizaliwa Honolulu, mwana wa Mkenya aliyekwenda kusoma huko mwaka 1959. Barack Obama, alipokuwa Seneta katika Bunge la jimbo la Illinois kuanzia 1997 hadi 2004, aliandika safu katika Hyde Park Herald, gazeti la mtaa wake mjini Chicago, akiwaeleza wakaazi yaliyokuwa yakitendeka katika makao makuu ya jimbo. Zilikuwa habari za bajeti, polisi na ustawi wa jamii. Wakati ule hakuna aliyezisoma kwa sababu ya umaarufu.

Linabaki suala la jibu. Kanuni za Baraza la Wawakilishi la Hawaii zinataka taarifa ya saa 48 kabla ya kamati kusikiliza mswada, na Spika anaweza kuupunguza muda huo. Kwa mtu wa Molokai, saa 48 ni muda wa kutafuta nauli. Tangu janga la korona imewezekana kutoa maoni kwa njia ya video kutoka nyumbani, na ndani ya jengo la Bunge ipo ofisi inayowafundisha wananchi bila malipo namna ya kuandika maoni na kufuatilia miswada. Lakini aliyeisoma barua ya Disemba ana zaidi ya saa 48. Anayo majuma kadhaa ya kukutana na jirani zake, kuandika, na kumwambia Mheshimiwa kabla kamati haijakaa kwamba fedha za gati zimesahauliwa. Na muda wa kuwasilisha miswada mipya hufungwa siku chache tu baada ya kikao kufunguliwa.