Namna ya Kuendesha Darasa la Mazoezi kwa Wanachuo wa Tunduma

Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwaongoza wanachuo wa mji huu wa mpakani katika mazoezi ya viungo, na katika yote niliyojifunza hakuna lililonithibitikia kuliko hili, kwamba mwalimu wa mazoezi hupimwa kwa mwanafunzi wake aliye dhaifu kuliko wote. Kijana hodari, hata usipomfundisha, alasiri ataufuata mpira uwanjani kwa raghba yake mwenyewe. Lakini yule anayeuonea haya mwili wake, ambaye tangu sekondari hakupata hata mara moja kuchaguliwa katika timu ya UMISSETA, na ambaye kwa sababu hiyo amekwisha kujihesabu kuwa hana fungu katika mambo ya siha, huyo asipopokewa kwa subira siku ya kwanza hatarudi siku ya pili. Taratibu nitakazozieleza nimezipanga kwa ajili yake.

Ondoa adhabu

Aghalabu vijana wetu hufika chuoni wakiwa wameyajua mazoezi kwa sura ya adhabu: aliyechelewa namba aliruka kichura, na aliyesahau ufagio aliuzunguka uwanja kwa mbio mbele ya macho ya wenziwe. Madhali mtu amefundishwa miaka mingi kwamba jasho ni malipo ya kosa, si ajabu akifika miaka 20 ayakwepe mazoezi kama alivyoikwepa fimbo. Basi sharti la kwanza ni kutomwadhibu mtu kwa zoezi lolote. Mwanafunzi akichelewa, namwelekeza apashe mwili pembeni kwa dakika 10, ndipo ajiunge na wenziwe. Kwani misuli iliyo baridi huumia upesi ikiingizwa ghafla katika kazi nzito.

Mahali, wakati na hewa

Hapa Tunduma ndipo barabara kuu itokayo Dar es Salaam inapoingia Zambia, na malori yanayongoja kuvuka kwenda Nakonde hupanga foleni ndefu yakitoa moshi na kutimua vumbi. Kuwakimbiza wanafunzi kando ya barabara hiyo ni kuhatarisha mapafu yao na uhai wao pia. Tafuta kiwanja chenye nyasi, mbali na njia ya magari, nawe uwahi asubuhi kabla upepo wa kiangazi haujaanza kupeperusha vumbi. Mwezi wa Juni na Julai, baridi ya nyanda hizi inapokuwa kali, ongeza muda wa kupasha mwili. Na mvua zinapoanza Novemba, omba bwalo la chakula, sogeza meza ukutani, na darasa liendelee humo kwa kuruka kamba na mazoezi ya kusimama mahali pamoja.

Zingatia pia kwamba mji huu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kijana aliyetoka Tanga au Mtwara hutweta upesi kuliko mwenyeji wa Mbozi, kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi na kila pumzi humletea oksijeni pungufu kuliko aliyoizoea. Mweleze jambo hilo waziwazi ili asijidhanie mgonjwa wala mvivu, nawe umpunguzie kazi katika majuma mawili au matatu ya mwanzo, hata mwili wake uzoee.

Mwendo uongozwe na wimbo

Katika darasa langu hakuna zoezi ninalolithamini kuliko mchakamchaka, ule tuliorithi shuleni na katika kambi za Jeshi la Kujenga Taifa, kwa maana ndani yake mna kipimo kisichohitaji saa wala chombo. Mtu anayekwenda kwa kadiri inayofaa huweza kuzungumza bila pumzi kumkatika. Kwa hiyo kiitikio kinaposikika kwa nguvu, mwendo ni wa wastani, na kikififia, mwalimu apunguze mwendo hapo hapo. Wale wa polepole waweke mbele, na wenye kasi wawafuate nyuma.

Vijana hupenda kuanza kwa kishindo, nami huwakumbusha kwamba Filbert Bayi, alipoongoza tangu mwanzo hadi mwisho mbio za mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2, alikuwa amekwisha kuuandaa mwili wake kwa mwendo ule. Na asiyejiandaa, akianza hivyo, atasimama njiani.

Mpango wa saa moja

Dakika 10 za kwanza ni za kupasha mwili. 30 zinazofuata ni za mchakamchaka, rede, au mpira wa wavu. 15 ni za kujenga nguvu, na 5 za mwisho ni za kutembea polepole na kunyoosha viungo. Kwa nguvu, tumia ulichonacho: chupa zilizojazwa mchanga, kamba ya katani, na matairi chakavu, ambayo katika mji wa malori hayakosekani, ila uyahifadhi pakavu yasituame maji yakazaa mbu. Asiyeweza pushapu za chini aanze kwa kusukuma ukuta. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilishauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma, na siku 2 au zaidi za kujenga misuli. Vipindi vitatu vya namna hii, pamoja na mwendo wa miguu wa kila siku, vinamtosheleza mwanachuo.

Stara na tahadhari

Mavazi yawe ya hiari yenye staha: mwenye ushungi abaki nao, na anayependa kuvaa suruali ya traki chini ya sketi asibughudhiwe. Siku ya kwanza ongea na kila mmoja faraghani. Mwenye pumu aje na dawa yake uwanjani. Mwenye selimundu apate kwanza ushauri wa daktari, kwani kwake uchovu mkubwa, baridi na upungufu wa maji mwilini vyaweza kuleta maumivu makali. Binti akisema leo anapumzika, apumzike bila kuulizwa mbele ya watu.

Nawasihi walimu wenzangu wa Songwe, kuanzia Tunduma na Vwawa hata Ileje, mlihesabu darasa hili kuwa somo kamili lenye ratiba na daftari la mahudhurio. Na kila mwisho wa muhula msiulize nani ameshinda, ulizeni kwanza nani ameacha kuja, kisha mmfuate na kumrudisha.