Dondoo muhimu: Kwenda Mbudya na kurudi

Ukiwa Mbweni, Dar es Salaam, usihangaike kwenda bandarini Posta. Boti za kisiwa cha Mbudya zinatokea hapo jirani, Kunduchi.

Toka asubuhi. Msimu wa kusi, upepo ukishika mchana, boti inaruka na tumbo linaruka nayo. Jaketi okozi livae kabla injini haijawashwa, hata kama wenzako wanacheka.

Mbudya ni hifadhi ya bahari tangu 1975, kwa hiyo uliza kama nauli ina kiingilio ndani yake, na beba kitambulisho: Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni. Samaki agiza ukishuka tu. Wa kukaanga hana haraka. Maji yakiwa yamekupwa utapanda boti magoti yameloa, simu iwe kwenye mfuko wa nailoni.