Mirathi na Hiba: Jinsi Bakteria Wanavyopata na Kupoteza Jeni

Muhula uliopita nilikohoa siku tatu. Mwenzangu wa chumba alikuwa amebakiza vidonge vinne vya amoksisilini. Akanipa, nikameza, kikohozi kikaisha. Tulipomsimulia dada mmoja anayesomea udaktari, aliuliza tu: "Mlipima nini kabla ya kumeza?" Tukanyamaza. Somo hili limetokana na kimya kile.

Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, lakini alipoanza kunieleza habari za bakteria nilijiona niko darasa la mirathi. Kwetu binadamu jeni hushuka kwa nasaba, kutoka kwa wazazi hadi kwa watoto. Bakteria naye hurithisha hivyo anapojigawa. Ila ana njia nyingine inayofanana na hiba: jeni humwendea jirani asiye na nasaba naye, hata wa spishi nyingine.

Kupokea

Hupokea kwa njia tatu. Kwanza, huokota DNA ya bakteria aliyekufa. Mwaka 1928, Frederick Griffith wa Uingereza aliwadunga panya mchanganyiko wa bakteria wakali wa nimonia waliouawa kwa joto na wengine hai wasio na madhara. Panya wakafa, na katika damu yao wakapatikana bakteria wakali walio hai. Mwaka 1944 Oswald Avery na wenzake walionyesha kwamba kilichohama ni DNA.

Pili, bakteria wawili hai hugusana, mmoja akampitishia mwenzake jeni, mara nyingi kwenye pete ndogo ya DNA iitwayo plasmidi.

Tatu, jeni huletwa na virusi wanaoshambulia bakteria. Jeni za sumu ya kipindupindu hubebwa na kirusi wa aina hiyo, jambo lililobainishwa mwaka 1996.

Kupoteza

Bakteria wa ukoma ni mfano wa wazi. Jenomu yake iliposomwa mwaka 2001, zilionekana jeni kama 1,600 zinazofanya kazi, na mabaki zaidi ya 1,100 ya jeni zilizoharibika. Jamaa yake wa kifua kikuu ana jeni zipatazo 4,000. Sababu ni makazi. Bakteria wa ukoma huishi ndani ya seli zetu na kupata humo mengi anayohitaji. Jeni isiyohitajika ikiharibika, mwenyewe hadhuriki, basi uharibifu hurithiwa. Ndiyo maana hadi leo hawezi kuoteshwa peke yake katika sahani ya maabara.

Kwa kupokea na kupoteza, hata ndugu wa spishi moja hutofautiana sana. E. koli wa aina ya O157:H7, anayesababisha kuhara damu, alikutwa mwaka 2001 na jeni 1,387 ambazo E. koli wa kawaida wa maabara hana.

Vidonge vinne

Katika miaka ya 1950, madaktari wa Japani walikutana na bakteria wa kuhara damu, Shigela, waliokuwa sugu kwa dawa nne kwa pamoja. Mwaka 1959 watafiti wa huko walionyesha kwamba usugu huo huhama wote kwa mkupuo mmoja kati ya E. koli na Shigela.

Sasa nirudi chumbani kwetu. Kikohozi changu huenda kilikuwa cha virusi, ambao antibayotiki haiwaui, na kingeisha chenyewe. Lakini tumboni mwangu dawa ile iliwakuta bakteria wengi wasio na hatia. Iliua walio dhaifu, ikawaachia nafasi walio sugu. Hao wanaweza kumpa hiba kijidudu hatari atakayepita kesho, nacho kikamfikia mama mjamzito au mtoto wa jirani. Mwenzangu alinipa vidonge kwa nia njema, ila nia njema haizuii plasmidi.

Tangu siku ile tumekubaliana chumbani: hatununui antibayotiki bila kupimwa, hatugawani dozi, na tukiandikiwa tunatumia kama tulivyoelekezwa. Ndugu yangu, angalia leo droo yako. Vikiwemo vidonge vilivyobaki, usimpe mtu. Virudishe kwa mfamasia.

Wabillahi tawfiq.